Fahamu: Je, meli ya Kichina ilizama Pate?

Wazee wa Siyu, kisiwani Pate nchini Kenya, husimulia kuwa zamani meli ya Kichina iligonga mwamba. Mabaharia walionusurika wakasilimu na kuoa huko. Watafiti huipimaje simulizi hiyo?

Historia: Baadhi ya misafara ya baharia wa China, Zheng He, 1405 hadi 1433, ilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China.

Akiolojia: Mwaka 2013 kisiwani Manda, jirani na Pate, ilipatikana sarafu ya mfalme Yongle wa China, yenye tundu la mraba katikati.

Bahari: Wapiga mbizi wamesaka mabaki. Mbao zisizofukiwa na mchanga huliwa na viumbe wa baharini. Vyombo vya kauri hudumu.

Jibu: Sarafu na kauri za Kichina zinazopatikana huko zinathibitisha biashara, si ajali, kwani bidhaa hupita mikono mingi. Meli yenyewe haijapatikana.