HASIRA, HOFU NA TUMBO LAKO

Ndugu mfanyakazi, je, jambo hili limekupata? Kutwa umechimba kasiteriti, moyo juu, ukiogopa udongo usikuangukie. Jioni unarudi nyumbani Kindu, unakuta ada ya shule haijalipwa, na maneno yanaanza. Ukikaa mbele ya bugali na sombe, tumbo linawaka moto. Jirani mmoja anasema umelogwa. Mwingine anasema unajifanya. Wote wawili wamekosea.

Kutoka kwenye ubongo mshipa mrefu wa fahamu hupita shingoni na kifuani, ukafika tumboni. Ndio unaoamuru tumbo litoe tindikali. Hata harufu ya samaki wa Lualaba akiwa jikoni yatosha: tindikali huanza kutoka kabla hujala tonge la kwanza. Tindikali hiyo husaga chakula na kuua vijidudu. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu hulindwa na ute mzito, na damu huondoa tindikali inayopenya.

Lakini mtu akiogopa au akikasirika, mishipa mingine ya fahamu huamka. Hupunguza damu ya tumbo ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Hapo ulinzi wa tumbo hupungua.

Jambo hili lilionekana kwa macho. Mwaka 1822 huko Marekani, kibarua Alexis St. Martin alipigwa risasi, akapona na tundu tumboni. Daktari William Beaumont alichungulia humo miaka mingi. Aliona kwamba hasira na hofu hubadilisha rangi ya ukuta wa tumbo.

Hata hivyo, vidonda vingi vya tumbo haviletwi na hasira peke yake. Huletwa na kijidudu kilichogunduliwa Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama aspirini. Hasira huongeza maumivu. Kijidudu hicho kina dawa hospitalini.

Kwa hiyo:

– Usimeze dawa za mgongo kila siku bila kumwuliza mganga wa hospitali.

– Acha lotoko na tumbaku.

– Baba na mama, maneno ya pesa yangoje mpaka watu wamekwisha kula.

– Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mshahara.