Mteremko wa Ufipa na Miguu ya Mgeni

Mkimbiaji wa Dar es Salaam au Tanga anayepanga safari ya kukimbia kwenye uwanda wa Ufipa huanza kwa kuulizia hewa. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na yeyote aliyewahi kusikia habari za kambi za Iten au Arusha anajua kwamba huko juu pumzi hukata mapema. Swali hilo ni la haki, ila limeelekezwa penye hatari ndogo. Barabara inayomvutia zaidi mgeni ni ile itokayo Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ina urefu wa takriban kilomita 112, na inaishia ziwani, kwenye mita zipatazo 770. Atakayeikimbia yote, au nusu yake ya chini kutoka Matai, atapanda vilima vingi vya uwanda, lakini hesabu ya mwisho ni kushuka, na mshuko mkali haumsubiri mwanzoni akiwa mzima. Uko mbele, pale uwanda unapokatika na kuingia bonde la ufa. Ukitaka kujua ukingo huo ulivyo, tazama Maporomoko ya Kalambo, ambako mto mzima unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Kinachomwangusha mgeni katika nchi ya namna hii ni mteremko kuliko mwinuko, na sababu yake ni kwamba mteremko haumpi taarifa.

Tuimalize kwanza habari ya hewa. Kwenye mita 1,800 kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 juu ya wanariadha wa mbio ndefu ulionyesha kwamba uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 6 kwa kila mita 1,000. Kwa mtu wa pwani aliyefika Sumbawanga hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi, wala si jambo la kudharau. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, kwenye mita zipatazo 2,240, Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, ilhali rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 27:39.4. Bingwa mwenyewe alitozwa ushuru wa karibu dakika mbili. Lakini ushuru huu hutozwa waziwazi. Mtu anahema, moyo unagonga, na hata mbishi hupunguza mwendo kwa kulazimika. Ugonjwa wa milimani wenyewe huwapata zaidi watu waliovuka mita 2,500. Mgeni akifika siku mbili tatu kabla, akalala vizuri na kuanza polepole, atasalimika. Damu kuongeza chembe nyekundu ni kazi ya majuma, na mwenye likizo ya juma moja hana sababu ya kuisumbukia.

Mteremko una tabia nyingine. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walipima nishati ambayo mwili hutumia kukimbia kwenye miinuko na miteremko mbalimbali. Kwenye tambarare waligundua kwamba kila kilo ya mwili hutumia takriban jouli 3.4 kwa kila mita. Kwenye mteremko wa asilimia 20 matumizi yakashuka hadi karibu nusu ya hapo. Vipimo hivyo vinaafikiana na imani ya wengi kwamba kushuka ni bure. Ni bure kwa mapafu na moyo. Kwa paja, kushuka ni kazi ya namna nyingine kabisa: msuli wa mbele unavutwa na kurefuka wakati huohuo unaojikaza kuuzuia mwili usianguke mbele. Nyuzi za msuli zinazojikaza huku zikivutwa hupata michubuko midogo mingi sana, na maumivu yake hayaji papo hapo. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Abiria wa basi la Sumbawanga akipita mlima Kitonga anaweza kuona jambo hilohilo likifanywa na malori: dereva anayejua kazi hushuka kwa gia namba mbili tangu juu kabisa, kwa sababu aliyetegemea breki peke yake hugundua kwamba zimekwisha akiwa bado katikati ya mlima.

Ushahidi mzuri wa nje ya maabara uko Afrika Kusini. Comrades, mbio za karibu kilomita 90 zilizoanza mwaka 1921, hukimbiwa kati ya Durban iliyo baharini na Pietermaritzburg iliyo zaidi ya mita 600 juu, kwa kawaida mwaka mmoja kupanda na mwaka mwingine kushuka. Kama kushuka kungekuwa zawadi, rekodi ya kushuka ingeiacha mbali ile ya kupanda. Rekodi ya kupanda, ya Leonid Shvetsov mwaka 2008, ni saa 5:24:49. Ya kushuka, aliyoiweka Tete Dijana mwaka 2023, ni saa 5:13:58. Umbali wa njia hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini hata hivyo dakika 11 katika mbio za zaidi ya saa tano ni faida ndogo mno, nayo imepatikana kwa watu waliojiandaa kwa mteremko huo miezi mingi. Nishati iliyookolewa mapafuni haikugeuka mwendo, kwa kuwa miguu ilikataa kuipokea.

Ufipa inaongeza mtego ambao Durban haina kwa kiwango hicho. Kadiri mkimbiaji anavyoshuka kuelekea Kasanga, hewa inakuwa nzito na pumzi inarudi. Mtu aliyekuwa akihema asubuhi sasa anajisikia mwepesi, na anakaza mwendo kilomita zilezile ambazo paja lake linachubuka. Joto nalo linapanda: kwa wastani nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kushuka, mbali na jua la mchana. Alianza na sweta katika baridi ya Juni, anamalizia katika joto la ziwani akiwa hajazoea. Msuli uliochubuka sana huvujisha protini yake iitwayo miyoglobini kwenye damu, na figo ndizo zinazoichuja, wakati ambao zimeshapungukiwa maji. Juu ya hayo mtu anameza kidonge cha diklofenaki alichonunua dukani ili avumilie maumivu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwa wakimbiaji wa kilomita 80, dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni, dawa ya kundi moja na diklofenaki, na asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Idadi yao ilikuwa ndogo, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini mimi ningeviacha vidonge hivyo nyumbani. Wala dawa si kunywa maji kwa kujilazimisha: katika maratoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Kiu inatosha kuwa kipimo.

Mfipa akisoma haya anaweza kucheka. Watu wa vijiji vya ukingoni hushuka ziwani au upande wa pili, kupitia Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa, wakiwa na mizigo, na kesho yake wako shambani. Ni kweli, nayo inathibitisha hoja. Msuli ulioshuka mara moja hujikinga. Safari ya pili ya mteremko uleule huuchubua kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Mwenyeji hana paja la ajabu, ana paja lililokwisha kufundishwa. Kwa hiyo vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam, vinavyojipima kwa kilomita za Barabara ya Bagamoyo, vinafanya mazoezi ya mtihani mwingine. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina zaidi ya kilomita 30 na tofauti ya karibu mita 1,000, yaani sura ileile ya Ufipa kwa nauli ya chini. Kuishuka mara mbili au tatu, ya mwisho ikiwa wiki mbili hadi tatu kabla ya safari, kuna faida kuliko kilomita nyingine mia za tambarare. Asiyeweza kufika huko atumie ngazi za jengo refu: apande kwa lifti, ashuke kwa miguu. Atachekwa, lakini wiki inayofuata vicheko vitapungua.

Limebaki pingamizi la waandaaji wa mbio, ambao wangependa zimalizikie ziwani, nalo ndilo lenye uzito. Mbio za kitalii huuzwa kwa mandhari, na picha ya mtu akivuka utepe mbele ya maji ya Tanganyika inauza kuliko picha ya stendi ya Matai. Bado ningeigeuza njia. Ukianzia Kasanga alfajiri, sehemu yenye joto inakwisha jua likiwa bado dogo, mlima mkali unamkuta mtu akiwa na nguvu, na anayezidiwa anajijua kwa kuhema na kukaa chini mapema. Gari la kumchukua linaendelea kwenda kulekule iliko hospitali ya rufaa, Sumbawanga, badala ya kugeuza kutoka ziwani na kuupanda ukingo na mgonjwa ndani. Ziwa linaweza kutazamwa siku ya kuwasili, kwa sahani ya migebuka. Gharama yake ni muda. Kupanda huchelewesha watu, hivyo saa ya kufunga mbio isinakiliwe kutoka mashindano ya tambarare. Ipangwe kwa kuanzia na wale watakaoutembea mlima wote.