Chuchu zilizoingia ndani: Mama anaweza kunyonyesha

Wapo akina mama wanaoambiwa kuwa hawataweza kunyonyesha kwa sababu chuchu zao zimeingia ndani. Hilo si kweli. Mtoto hanyonyi chuchu peke yake, bali hukamata pia weusi unaoizunguka.

Wengi huzaliwa hivyo, kwa kuwa mirija au nyuzi zilizo nyuma ya chuchu ni fupi. Minya taratibu ukingo wa weusi kwa vidole viwili. Chuchu ikitokeza, tatizo ni dogo. Ikizidi kuzama, mweleze mkunga kabla ya kujifungua, ili akusaidie kumpakata na kumnyonyesha mtoto mapema.

Baada ya kujifungua, bomba jipya la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, husaidia. Mkunga hukata ncha yake, kisha huingiza kijiti cha kusukumia kupitia upande uliokatwa. Upande laini huwekwa juu ya chuchu, nawe unavuta polepole kwa nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kunyonyesha. Ukisikia maumivu, legeza.

Upasuaji upo, lakini unaweza kukata mirija ya maziwa. Anayetarajia kuzaa asiukimbilie.

Tahadhari: chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, hasa ya titi moja, au ikitoa damu, au ukigusa uvimbe, wahi hospitali. Huenda ikawa saratani. Omba kupimwa na tabibu wa kike. Asipokuwepo, dharura ina ruhusa yake katika sheria. Haya isikucheleweshe.