Chumvi ya Mifugo Ufipa: Kweli au Si Kweli?

"Chumvi ya jikoni inamtosha ng'ombe." Si kweli. Inampa sodiamu na klorini, basi. Ukimkamua lita 10, zimetoka kama gramu 12 za kalsiamu na karibu gramu 10 za fosforasi, na chumvi tupu haizirudishi hata ukimwaga kopo zima. Wakulima wa Ufipa wanaujua udongo wao; tangu zamani wanafukia nyasi kwenye matuta ili mazao yapate nguvu. Udongo huo, uliochujwa rutuba na mvua, huotesha malisho yenye fosforasi haba, na kiangazi nyasi zikikauka hupungua zaidi. Halafu Novemba tunamfunga plau maksai aliyeshinda na nyasi hizo na kushangaa anavyochoka.

"Ng'ombe anayetafuna mifupa ana minyoo, au karogwa." Si kweli, na imani hii inaua mifugo. Anatafuta fosforasi. Mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu: miguu hulegea, ulimi hukosa nguvu, anashindwa kumeza, anakufa. Afrika Kusini ng'ombe wengi waliangamia hivyo mpaka daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake, karibu mwaka 1920, walipobaini kwamba chanzo ni njaa ya fosforasi. Ng'ombe waliolishwa unga wa mifupa waliacha kuokota mifupa. Kwa hiyo ukimwona wako anaguguna mfupa, fukia mizoga iliyo malishoni na umnunulie madini yenye fosforasi wiki hiyohiyo.

"Mnyama anajua mwenyewe anachohitaji." Kwa chumvi, kweli. Hamu hiyo amezaliwa nayo, kama sisi. Huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walitengeneza chumvi tangu takriban karne ya 13. Lakini ng'ombe hana hamu ya kumwongoza kwenye shaba, kobalti au zinki. Ndiyo maana watengenezaji huyachanganya madini hayo na chumvi: ng'ombe anafuata chumvi, mengine yanaingia nayo. Dukani usiangalie rangi ya jiwe la kulamba. Soma lebo, na kama fosforasi haimo, umenunua chumvi tu.

"Chumvi yenye madini joto inadhuru mifugo." Si kweli. Nao wanayahitaji.

"Jiwe la ng'ombe linafaa zizi zima." Si kweli kabisa. Shaba inayomfaa ng'ombe hujikusanya kwenye ini la kondoo hadi kumuua, kwa hiyo kondoo watafutiwe madini yao. Jiwe lenye urea nalo lisimfikie ndama mchanga. Tumbo lake bado haliwezi kuitumia.

"Chumvi inaweza kuua." Kweli, maji yakikosekana. Ng'ombe aliyekaa miezi bila chumvi huila kwa pupa, kwa hiyo mwanzishie kidogokidogo, na siku ambayo kisima kimekauka usimwekee jiwe.