Jezi za Mugumu

Sogeeni, wajukuu zangu. Na wewe mura, simu usiizime, maana hadithi yenyewe ni ya hiyo simu.

Tuseme mwalimu mkuu mmoja wa Mugumu ameandika barua pepe. Kuna mashindano ya mpira, anawaalika walimu wa michezo wa Serengeti na wa Tarime, toka Nyamwaga mpaka Sirari mpakani. Nakala kampelekea afisa elimu. Halafu kwa siri, pale panapowekwa anwani zisizoonekana na wengine, kamtia fundi wa jezi, ili afuatilie idadi ya wachezaji.

Mwalimu wa Sirari anabonyeza "jibu". Majibu yaende kwa nani? Programu haimjui mwalimu mkuu wala haijali mpira. Inasoma kichwa cha barua tu. Kwanza inaangalia kama mtumaji ameacha anwani maalumu ya kupokelea majibu. Ikiikuta, inaishika hiyo, hata kama jina lililo juu ni la mtu mwingine. Isipoikuta, inamrudishia aliyetuma. Utaratibu huu ulikwisha kuandikwa mwaka 1982, wazazi wenu wengine hawajazaliwa, na simu ya Nyamongo inaufuata sawasawa na ya London.

"Jibu wote" ndiyo yenye visa. Hapo programu inaokota kila anwani iliyo kichwani, ya mtumaji, za walioandikiwa na za wenye nakala, inaitoa ya kwako, waliobaki wote wanapelekewa. Ni kama yowe la ng'ombe walioibiwa: hakuna anayechaguliwa, kijiji kizima kinatoka. Novemba 2016 huko Uingereza, barua ya majaribio iliwafikia kwa bahati mbaya watumishi wa afya zaidi ya 800,000. Wengine wakajibu wote, wakiomba waondolewe kwenye orodha! Kila ombi likawaendea wote tena, mfumo ukaelemewa. Mimi barua ile ya kwanza naisamehe. Hao waliojibu, hapana.

Turudi kwa fundi wetu. Walimu walijibu wote, huyu analeta wachezaji kumi na wanane, yule anauliza nauli. Fundi hakupata hata barua moja. Angeipataje? Katika barua walizopokea walimu, anwani yake haikuwemo, na programu haiwezi kuokota isichokiona.

Alipochoka kungoja, akafungua ile barua ya mwanzo, akabonyeza "jibu wote", akauliza jezi ziwe za rangi gani.

Walimu wakashangaa. Fundi gani? Jezi zipi? Afisa elimu naye akajibu wote, akitaka kujua fedha za jezi zimetoka fungu gani. Na safari hii fundi aliipata, maana kwa kuandika kwake mwenyewe, anwani yake sasa ilikuwa kichwani.