Utando Unaoamua Kipimo

Mita ya mkononi ya kukagua uchafu wa mionzi kwenye nguo, viatu na meza za maabara ina bamba la plastiki linalotoa mmweko kila linapopigwa na chembe ya mionzi. Kihisi cha mwanga kilicho nyuma yake huihesabu mimweko hiyo. Mmweko mmoja ni hafifu mno, hivyo mwanga wa nje hautakiwi kuingia hata kidogo. Kazi ya kuuzuia ni ya filamu ya poliesta iliyopakwa alumini.

Ila filamu hiyohiyo ndiyo inayozuia chembe za mionzi ya alfa. Alfa ya urani-238 haifiki hata sentimita 3 hewani. Filamu ya maikromita 6 hula zaidi ya robo ya uwezo wake wa kusafiri. Ya maikromita 25 huisimamisha kabisa. Kwa hiyo kuongeza unene ili utando usichubuke ni kuinyima mita kazi yake.

Adui mkubwa ni vitundu. Alumini hupakwa ikiwa mvuke, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Punje ya vumbi iliyokaa juu ya filamu ikija kubanduka, huacha tundu lisiloonekana kwa macho. Juani, mwanga hupenya humo na hesabu hupanda ovyo. Utando ukichanika zaidi, kihisi huzidiwa na mwanga, na mita inaweza kusoma sifuri. Hili la pili linanitisha zaidi, maana mtu mwenye vumbi la urani kwenye shati ataruhusiwa kwenda nyumbani. Kabla ya kazi, mulika uso wa mita kwa tochi kali, kisha ipime kwa chanzo kidogo cha mionzi unachokijua.

Dawa rahisi ni filamu mbili nyembamba badala ya moja nene: vitundu vyake ni nadra kukutana. Wengine huipaka alumini moja kwa moja kwenye bamba la plastiki. Njia hiyo naipenda, ingawa ni ngumu. Plastiki ya bamba hilo hulainika kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mvuke wa alumini hupigwa kidogo kidogo, kwa vituo. Asetoni huitia nyufa, na hata mafuta ya vidole huiharibu. Rangi ya kinga inayopakwa juu ya alumini lazima ichaguliwe kwa kuzingatia hayo.

Anayenunua asiridhike na neno “imara”. Aulize utando una miligramu ngapi kwa sentimita ya mraba, na mita inanasa alfa ngapi katika kila mia baada ya kufunikwa kwa utando huo.