Kutu Ndani ya Chesi ya Lori

Mbuchi imo katika delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti. Huko maji matamu ya mto hukutana na maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi. Wakati wa bamvua maji ya bahari hupanda katika vijito vya mikoko, na tope la kingoni hubaki na chumvi. Lori linalokwenda huko kuchukua mpunga, nazi au samaki hurudi na tope hilo chini yake. Dereva huosha milango na vioo vikang'aa. Je, huosha na ndani ya chesi?

Chesi ni fremu ya chuma inayobeba injini, bodi na shehena yote. Ina mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili mifupi. Katika malori mengi mhimili una umbo la mfereji uliolazwa ubavu. Katika magari madogo ya mizigo mara nyingi huwa kama sanduku refu lenye matundu machache. Tope huingia humo, lakini jua na upepo haviingii.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa sababu kuliwa kwa chuma huambatana na mkondo mdogo wa umeme, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Tena chumvi hufyonza unyevu wa hewa, hivyo tope lake hukawia kukauka.

Lililo baya zaidi ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mahali ambapo mabamba mawili yamebanwa kwa ribiti, kutu huvimba katikati, huyasukuma yaachane, na upenyo huo hupokea maji mengine. Nje rangi huweza kuwa nzima, kumbe ndani chuma kimekuwa chembamba kama bati. Chesi ya namna hiyo yaweza kupasuka safarini ikiwa na mzigo mzito. Mafundi huigonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa sauti butu.

Ili kuzuia kutu, kwanza matundu ya chini huzibuliwa kwa waya, na maji matamu humiminwa ndani mpaka yatoke safi. Kisha lori huachwa likauke kabisa, maana kupaka mafuta juu ya tope bichi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Baadaye nta au mafuta ya kuzuia kutu hunyunyizwa ndani kwa mpira mrefu, mbali na breki. Wengine hutumia oili chafu ya injini. Desturi hiyo haifai, hasa katika delta, kwani oili hudondoka, huingia vijitoni na kudhuru samaki na mikoko.

Jaribio

Chukua misumari mitatu, uisugue kwa msasa mpaka ing'ae. Mmoja upake grisi. Ulaze huo na wa pili mtupu juu ya tope lililochanganywa na maji ya chumvi. Wa tatu ulaze juu ya tope la maji matamu. Usiizike, ili hewa iifikie, wala usiache tope likauke. Baada ya siku kumi ilinganishe, na uandike katika daftari lako ulichokiona.